Maswali ya papo kwa papo darasani: ukiwa Dodoma, nunua nini?

Kabla hujatoa hela, mwalimu mwenzangu, jiulize: nani ana simu darasani kwako? Shule zetu nyingi, kuanzia mjini hadi Kongwa na Mpwapwa, mwanafunzi akikutwa na simu ni kesi. Kwa hiyo programu inayosifiwa na kila mtu huenda isikufae hata kidogo.

1. Plickers, programu ya simu ya mwalimu. Kwangu ndiyo ya kwanza, na nyingine haziikaribii. Kila mwanafunzi anashika kadi ya karatasi yenye mchoro wake na pande nne, A hadi D. Anaiinua, jibu lake likiwa upande wa juu. Wewe unapitisha kamera ya simu na majibu yanajihesabu. Herufi ni ndogo na michoro haifanani, hivyo anayechungulia kwa jirani anaambulia patupu. Kuna seti ya kadi 40 na ya kadi 63. Kwa madarasa yetu, chukua ya 63. Kadi zenyewe ni za bure, unalipa steshenari tu, na bando linalotumika ni lako peke yako.

Ila laminesheni! Za kwanza nilizifanyia ile ya kung'aa, nikajiona mjanja. Kipindi cha saa nne jua likapiga dirishani, safu nzima ya pale ikametameta kama bati jipya, kamera haikusoma hata kadi moja. Ikabidi nihamishe watoto. Bandika kadi kwenye kadibodi, au tafuta laminesheni isiyong'aa. Wazoeshe pia kushika pembezoni, maana kidole kikiziba mchoro, jibu halisomeki.

2. Google Forms, fomu ya maswali ya mtandaoni. Hii ni ya vyuoni, UDOM na kwingineko, ambako simu si kesi. Haina mbwembwe wala ada. Maswali ya kuchagua inasahihisha yenyewe na alama zinajipanga kwenye jedwali. Insha, kalamu nyekundu iko palepale.

3. Wayground, ile iliyoitwa Quizizz hadi 2025. Swali linamfuata mwanafunzi kwenye skrini yake, naye anakwenda kwa mwendo wake. Chumba cha kompyuta kikiwa na intaneti ya kueleweka, naiweka juu ya Kahoot!, inayofuata hapa chini, bila kusita.

4. Kahoot! Imetoka Norway, ikaanza kutumika 2013, na kwa shangwe haina mpinzani. Lakini inahitaji projekta ya kuonyesha swali, na alama nyingi zinakwenda kwa aliyewahi kujibu. Mtandao ukisuasua, mtoto anayejua anaonekana mzito. Toleo la bure lina kikomo cha washiriki, kwa hiyo kiangalie kabla hujawaahidi wanafunzi 70.

5. Rimoti za kujibia. Kila mwanafunzi ya kwake, na betri zake, na kipokezi cha mwalimu. Zikipotea mbili muhula huu na tatu ujao, utazipata wapi? Sinunui.

Ukiamua kulipia toleo lolote, kumbuka ada huwa ni za dola na hujikata zenyewe muda ukiisha. Weka kwenye kadi ya benki kiasi cha malipo hayo tu. Na kama una kishikwambi cha sensa ya 2022 walichogawiwa walimu, jaribu kwanza kamera yake kwa kadi tano za Plickers, ukiwa umesimama ubaoni na kadi ziko dawati la nyuma.