Mafuta ya tea tree ya kuua viroboto: nyota moja, tena ya huruma

Jamani wenye paka msinunue hii kitu. Muuzaji kaniambia ni mimea tu haina shida, nikampaka paka wangu matone kama manne shingoni, baada ya masaa kadhaa akawa anayumba kama mlevi, udenda unamtoka, masikio ya baridiii. Daktari wa mifugo kampima joto kakuta nyuzi 36, wakati paka mzima anatakiwa awe 38 mpaka 39 hivi. Kumbe ini la paka haliwezi kuvunjavunja hayo mafuta kama la kwetu, yanapenya ngozini joto linashuka, na akijilamba ndo anayameza kabisa. Akaogeshwa na sabuni ya vyombo, maji ya uvuguvugu, akafunikwa blanketi, siku ya pili ndo kala. Harufu nzuri lakini, sahivi nadekia choo.