Ndege ya povu yenye kamera: mwili mzuri, waya mbovu

Seti inayokaguliwa hapa ni ile ya ndege ya povu yenye mabawa ya mita 1.4, propela mgongoni nyuma ya bawa, kamera puani. Mtandaoni inauzwa kwa majina kadhaa, maana chapa hubandikwa na muuzaji. Boksi moja refu linakuja na kila kitu isipokuwa betri: mwili, mota ya 2215 yenye KV 1400 (mizunguko kwa dakika kwa kila volti), kidhibiti mwendo cha ampea 30, sevo nne za gramu 9 (vimota vya kusukuma vibapa vya bawa na mkia), bodi ya kuongozea yenye programu ya INAV, GPS, kamera, transmita ya video ya gigahezi 5.8, miwani ya boksi ya kutazamia picha ya kamera, na rimoti ya gigahezi 2.4 inayotumia mfumo wa redio wa ExpressLRS. Tangazo linasema toa, funga, rusha. Kutoa na kufunga ni kweli. Kurusha kunangoja kazi ya wikendi mbili, na sababu zake karibu zote ni waya, gundi na chumvi.

Mwili kwanza, kwa sababu ndio unaolipia pesa. Umbo la propela nyuma ni la busara kwa anayeruka kwa kutazama picha: kamera haioni propela ikizunguka, pua ikigonga mchanga propela inabaki salama, na bawa refu namna hii linasamehe makosa. Ukiachia gesi ndege haidondoki, inateleza kama ngalawa iliyoshusha tanga. Povu ni EPO, si lile jeupe la boksi la tivii linalomeguka punje punje. Supaglu ya kawaida inalila povu jeupe likabaki shimo, lakini EPO inashikana nayo vizuri. Pua ikibonyea, imwagie maji yaliyochemka. Punje zinavimba tena na umbo linarudi karibu lilivyokuwa. Makuti ya kuezekea nyumba hayatengenezwi kwa urahisi kama huu.

Umeme hauli sana. Mwendo wa kuteleza unavuta ampea 6 hadi 8, kwa hiyo betri ya Li-Po ya 3S (seli tatu mfululizo) yenye mAh 2200, ukitumia asilimia 80 yake, inatoa dakika 13 hadi 17. Kusi ikikaza hesabu kumi. Shuka volti zikifika 3.5 kwa kila seli ndege ikiwa bado hewani, na kama huruki tena wiki hiyo irudishe betri kwenye 3.8. Li-Po iliyojaa ikikaa siku kumi katika joto la chumba cha bati, inavimba.

Chini ya bawa kuna vinundu viwili, milimita 70 nyuma ya ukingo wa mbele. Kupima mizani, inua ndege kwa vidole viwili hapo, betri ikiwa ndani. Pua iiname kidogo tu. Seti hii inafeli mtihani huo. Aliyeipanga ameweka GPS na transmita ya video nyuma, na kwa betri ya 2200 mkia unashuka. Ndege yenye mkia mzito haikupi nafasi ya kujifunza: inainua pua, inaishiwa mwendo, inaangukia bawa moja, yote ndani ya sekunde chache za kwanza. Dawa ya haraka ni kusukuma betri mbele mpaka ikaribie kamera, na ikiwa haitoshi, kubandika chubwi la mshipi la gramu 20 au 30 puani. Dawa nzuri zaidi ni kuacha Li-Po na kutumia Li-ion za 18650, seli sita zilizopangwa 3S2P, yaani jozi tatu mfululizo. Pakiti hiyo ina uzito unaokaribia gramu 300 dhidi ya 190 za Li-Po, kwa hiyo uzito uliokuwa unautafuta puani unaupata ukiwa umebeba mAh 6000. Dakika 40 zinafikika. Ila seli ziwe za kuhimili ampea nyingi. Zile za kuchomoa kwenye laptopu chakavu, zinazopatikana kwa mafundi wengi, hazifai kabisa: mota ikivuta ampea 20 wakati wa kupanda, kila seli inabebeshwa 10, volti zinaporomoka, na bodi inaweza kuzimika ndege ikiwa juu ya minazi.

Sasa ubovu. Vaa miwani, mtu mwingine aishike ndege kwa nguvu akiwa mbele ya bawa, pandisha gesi polepole. Kwenye picha inaanza kuonekana mistari myembamba ya kulala, inatambaa kwenda juu, na kadiri gesi inavyopanda ndivyo inavyoongezeka, mpaka kwenye robo tatu maandishi ya volti hayasomeki. Hiyo si hitilafu ya kamera wala ya antena. Kamera na transmita vimechukua umeme kwenye waya uleule wa mota, na kila mpigo wa kidhibiti mwendo unaingia kwenye picha. Kilichokosekana ni kapasita moja ya mikrofaradi 470, volti 35, ya aina yenye ukinzani mdogo wa ndani. Ilehemu pale pale waya mnene wa betri unapoingia kwenye kidhibiti, miguu yake ikiwa mifupi iwezekanavyo. Ikiachwa mirefu haisaidii kitu. Angalia alama ya hasi, kwa sababu ikigeuzwa inapasuka. Kitu kidogo cha bei ya soda, na kiwanda kimekibania.

Antena nazo za kubadilisha. Ndege imepewa kijiti kilichonyooka, miwani imepewa antena ya mawimbi ya mzunguko. Kwa mchanganyiko huo nusu ya nguvu inapotea kabla hujaondoka ufukweni. Nunua mbili za mzunguko, na zote ziwe za mkono mmoja, ama kulia ama kushoto. Ukichanganya kulia na kushoto utapata chenga tupu. Kabla ya kukaza, chungulia katikati ya kiungio. Upande mmoja lazima uwe na pini, mwingine tundu. Tundu kwa tundu vinakaza vizuri sana, unaona umemaliza, kumbe hakuna mawimbi yanayotoka na transmita inaungua kama vile haina antena. Na isiwashwe bila antena hata kwa sekunde ya kujaribu.

Transmita hiyohiyo imezikwa ndani ya povu, na povu ni blanketi. Kwa miliwati 600, ndege ikiwa imetua mchangani juani, joto linaizima au linaipunguzia nguvu kimya kimya. Toboa njia ya hewa: mlango wa sentimita moja na nusu chini ya pua, na wa kutokea nyuma uwe mkubwa kuliko wa kuingilia. Halafu itege kwenye swichi ya rimoti, ianze na miliwati 25 ukiwa chini, ipande baada ya kurusha.

Tundu la hewa, hata hivyo, linaingiza hewa ya bahari, na hapa ndipo wakaguzi wa Ulaya hawatusaidii. Shaba isiyofunikwa inaota kijani. Kabla ya ruko la kwanza, paka bodi zote rangi maalumu ya silikoni ya kukinga umeme, ukiruka lenzi, viungio, mlango wa USB na kile kitundu cha kipima shinikizo la hewa. Tabaka mbili nyembamba ni bora kuliko moja nene. Mchanga wetu wa Unguja ni wa matumbawe na makombe, hauna chuma, kwa hiyo haung'ang'anii sumaku za mota kama mchanga mweusi wa kwingine. Lakini unaingia kwenye beringi na kusaga. Piga brashi kila ukitua, usitie grisi kwa nje, maana grisi inaudaka. Ikianguka majini, chomoa betri kwanza, mengine baadaye. Suuza kwa maji baridi yasiyo chumvi, ya mvua yanafaa, kisha spiriti safi, kisha kivulini siku mbili. Li-Po iliyokunywa maji ya bahari usiichaji tena. Iweke nje, mbali na nyumba.

Kosa jingine dogo lakini la hatari: sevo zimeshikizwa kwa gundi ile ya mche inayoyeyushwa kwa moto. Ndege ikiachwa saa moja ndani ya gari lililofungwa, gundi inalainika, sevo inacheza, na kibapa cha bawa hakirudi katikati. Zibandue zote nne, uzifunge kwa epoksi ya dakika tano.

Kuhusu picha yenyewe hatuna malalamiko. Kamera inavumilia mwanga mkali pamoja na kivuli, jambo kubwa mahali ambapo mchanga mweupe uko chini na kivuli cha mnazi kiko pembeni, na kwa kuwa ni analogi picha inakufa polepole. Chenga zinaanza, unageuza ndege, zinaondoka. Mfumo wa dijitali ungekupa picha safi halafu ungeganda ghafla. Miwani ni ya boksi, nzito, lakini mwenye miwani ya macho anaweza kuivaa juu yake. Usiiweke mezani ikitazama juu: jua likipita kwenye lenzi linachoma kioo cha ndani kwa sekunde, na doa halitoki.

Mpangilio wa kinga ya kupoteza mawimbi uliokuja nao ni wa kufuta. Risiva imeambiwa ishikilie amri ya mwisho. Yaani kama ulikuwa na gesi nusu kuelekea Tanga, itaendelea kuelekea Tanga. Weka kurudi nyumbani kwa urefu wa mita 70, juu ya minazi, na kwanza hakikisha hakuna mnara wa simu njiani. Subiri setilaiti nane kabla ya kufungua mota (kuiruhusu iwake), kwa kuwa nyumbani panaandikwa pale pale unapofungua. Kujaribu: toa propela, fungua mota, zima rimoti, tazama kama maandishi kwenye miwani yanabadilika. Nusu ya ndege zinazopotea zingebaki kama jaribio hili la dakika moja lingefanywa. (Hatujahesabu, lakini muulize yeyote mwenye rimoti isiyo na ndege.)

Kurusha ni kwa mkono, na propela ya nyuma inapita karibu na vidole. Tumia hali ya kurusha ya INAV, ambayo mota inawaka baada ya ndege kutoka mkononi. Elekea upepo, pua juu kidogo, sukuma kwa kunyoosha mkono, usiitupe kama jiwe la embe.

Kwa mahali pa kurukia, seti hii inapendeza upande wa mashariki wa Unguja. Siku za bamvu maji yanakupwa karibu na saa nne asubuhi, upepo haujakaza, na kuanzia Jambiani kwenda juu unapata uwanja mpana wa mchanga mgumu. Lakini ndio wakati huohuo wakulima wa mwani wako kazini, kwa hiyo rukia mbali na kamba zao na usipite juu ya vichwa vyao. Paje ni ya kuepuka upepo ukiamka: kamba za watelezaji kwa tiara hazionekani kabisa kwenye kamera. Kusi na kaskazi zote mbili huku zinavuma kutoka baharini, jambo zuri, ndege ikizimika inarudishwa nchi kavu. Nenda kwanza dhidi ya upepo, rudi nao. Upande wa Bububu mambo ni kinyume wakati wa kusi, ndege iliyokufa inapelekwa baharini. Mashamba ya mpunga ya Cheju baada ya mavuno yanafaa kwa anayeanza, hayana chumvi wala minazi ya karibu. Mnazi Mmoja na Maisara usifikirie hata kidogo. Uwanja wa ndege wa Kisauni uko karibu mno.

Pemba ni mtihani mwingine. Vilima na mabonde vinakata gigahezi 5.8 kama kisu: ukishuka nyuma ya mgongo wa kilima chenye mikarafuu, picha inaondoka hata ukiwa mita mia nne tu. Simama juu ya kilima, si bondeni, au nenda Vumawimbi kuliko wazi.

Vibali ni vya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na vishughulikiwe kabla ya kuagiza, si boksi likiwa limekwama forodhani. Kijijini anza kwa sheha. Wengi wamewahi kuona ndege za povu. Tangu 2016 mradi wa kuchora ramani ya Unguja na Pemba ulirusha eBee, ndogo kuliko hii, shehia kwa shehia. Ila kamera inayopita juu ya nyua za watu inahitaji kuelezwa. Na awepo mtu wa pili asiyevaa miwani, kazi yake kutazama mbingu tu, kwa sababu anayerusha haoni kunguru wala helikopta inayotoka pembeni.

Sevo na risiva za akiba zinaletwa kwa posta bila shida. Betri ndizo zenye mkwamo. Msafiri kwa ndege anazibeba kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku, vichwa vya waya vimefungwa tepu. Ya 3S 2200 ina watisaa 24 tu, mbali na mpaka wa 100. Propela ya akiba katika boksi ni moja, inchi 8 kwa 6. Agiza sita, na kila ukifunga mpya sikiliza mtetemo: ikitetemeka, picha inacheza kama mchuzi unaochemka, na ubandikaji wa kipande cha tepu kwenye bawa jepesi la propela unaituliza.