Schokland, Uholanzi: uzoefu wangu

Wageni wakija Uholanzi kila mtu anataka Giethoorn, kupanda boti na kupiga picha basi. Safari hii nikawaburuza wangu Schokland na sijutii hata kidogo.

Zamani hiki kilikuwa kisiwa chembamba katikati ya Zuiderzee, ghuba ya bahari iliyoingia ndani ya Uholanzi, watu wavuvi, Wakatoliki kaskazini kule Emmeloord na Waprotestanti kusini, katikati njia ya mbao maana kwingine ni matope matupu. Bahari ikawa inamega ardhi mwaka hadi mwaka, mafuriko ya 1825 yakawatandika vibaya, umaskini juu yake, mpaka 1859 serikali ya mfalme Willem III ikaamuru wote watoke, watu kama 650 hivi, wengine wakaenda Kampen, wengine Vollenhove, wengine Volendam, vijiji vikabaki mahame. Sasa sikia vituko, wenyewe wamehamishwa kwa ajili ya bahari halafu bahari nayo ikahamishwa! 1932 Waholanzi waliifunga Zuiderzee kwa lile tuta refu la Afsluitdijk, na ilipofika 1942 upande huu ukawa umeshakaushwa, leo ni mashamba ya Noordoostpolder.

Kwa hiyo kisiwa kipo ila maji hamna. Unakiona kimeinuka kidogo juu ya mashamba, nguzo za mbao za kuzuia mawimbi bado zipo, na ng'ambo yake ni mashamba na matrekta mpaka macho yachoke. Aisee hapo nilisimama mpaka wenzangu wakaanza kununa, maana kusoma habari hizi ni kitu kimoja na kukanyaga ulipokuwa ufuko ni kingine kabisa.

Makumbusho iko Middelbuurt, kijiji kimojawapo cha hapo kisiwani, pembeni ya kanisa la 1834. Kuna vitu vilivyofukuliwa humo mashambani, mifupa ya wanyama wa kale na mabaki ya meli, mimi mifupa nilipita fasta tu, meli ndio zilinishika, meli shambani jamani. UNESCO waliiweka Schokland kwenye urithi wa dunia 1995, ya kwanza Uholanzi nzima, hata vile vinu vya upepo vya Kinderdijk vilikuja nyuma 1997.

Nyota nne. Ya tano nimeinyima kwa sababu ya upepo, hakuna pa kujificha, vaeni koti hata kama jua linawaka. Na msiishie makumbusho, tembeeni au chukueni baiskeli mpaka Emmeloord mkaone bandari iliyobaki nchi kavu.