Ofisi ya wakili Ngamiani, Tanga: hati za uhamisho wa nyumba ya urithi

Ofisi ninayoitathmini ni ya wakili wa kujitegemea ambaye pia ni kamishna wa viapo, yaani mwenye mamlaka ya kuapisha watu na kushuhudia hati zao, nayo ipo Ngamiani, si mbali na viwanja vya Tangamano. Familia yetu iliiendea ili kuhamisha umiliki wa nyumba ya urithi iliyopo Makorora, tuliyokuwa tukiiuza, kwenda kwa mnunuzi. Kabla ya hapo tulikuwa tumeulizia kwenye steshenari moja ambayo, mbali na kuchapa na kutoa kopi, huandaa mikataba ya mauzo ikiwa tayari na mhuri wa wakili ambaye mteja haonani naye kabisa. Bei yao ilikuwa chini ya nusu ya ada ya Ngamiani.

Ubora wa ofisi hii ulionekana pale ilipokataa kazi. Mmoja wa warithi anaishi Omani, na mjomba alipendekeza kwamba, kwa kuwa kijana ameshakubali kwa simu, nduguye amtilie saini. Wakili alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Mzee wangu, hata kama amekubali, mimi nitakuwa nimeandika kwamba alifika mbele yangu, na hakufika." Akaeleza kuwa sheria inamtaka kamishna wa viapo aandike jina lake, pamoja na mahali na tarehe ambapo kiapo kimechukuliwa, bila kudanganya. Njia halali ilikuwa kijana aje mwenyewe au atume hati ya uwakilishi, yaani ya kumruhusu mtu mwingine asaini kwa niaba yake, iliyoshuhudiwa ipasavyo. Tulisubiri hati hiyo, na mnunuzi alinung'unika sana.

Maelezo kuhusu adhabu yalitolewa kwa Kiswahili kinachoeleweka, jambo ambalo si la kawaida katika ofisi za namna hii. Chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kughushi kwa kawaida kuna adhabu ya kifungo cha miaka 7, lakini kwa wosia, hati ya uwakilishi au hati ya umiliki wa ardhi adhabu inaweza kufikia kifungo cha maisha. Wakili hakutumia maneno hayo kututisha. Alisisitiza kuwa hicho ni kiwango cha juu na kwamba mahakama inaweza kutoa pungufu. Kilichomshtua mnunuzi ni kwamba anayewasilisha hati kwa msajili huku akijua imeghushiwa hukabiliwa na adhabu ileile ya aliyeighushi, kwa hiyo kusema "mimi nilipeleka tu" hakumwokoi mtu aliyejua.

Kuhusu vishoka alisema machache: asiye wakili anayeandaa hati za ardhi kwa malipo anatenda kosa chini ya Sheria ya Mawakili, na wakili anayewaazima mhuri anaweza kufutwa kwenye orodha ya mawakili. Mtumishi wa masjala anayepokea rushwa ili asajili hati yenye kasoro anaangukia Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, ambayo kwa kosa hilo inaweka kifungo cha miaka 3 hadi 5, au faini ya shilingi 500,000 hadi 1,000,000, au vyote viwili. Kwa maoni yangu faini hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na thamani ya kiwanja chochote cha mjini.

Kasoro zipo. Ada haikutajwa kwa ukamilifu siku ya kwanza. Ushuru wa stempu na kodi ya ongezeko la mtaji viliongezwa baadaye kana kwamba tulipaswa kuvijua. Risiti ya kielektroniki ilitolewa baada ya kuombwa. Ofisi ipo ghorofani bila lifti, na mama mkubwa, ambaye idhini yake ilihitajika, alilazimika kushikwa mkono ngazi zote. Karani angeweza kushuka na kumhudumia chini, au wakili mwenyewe kumfuata nyumbani.

Kwa uhamisho wa nyumba, mirathi au rehani ningewapeleka ndugu zangu huko bila kusita. Kwa hati ya kiapo ya kupotelewa na cheti ada yao ni kubwa bila sababu, na kamishna yeyote wa viapo aliye karibu na mahakama anatosha, mradi jina lake liangaliwe kwanza kwenye e-Wakili, mfumo wa Mahakama wa mtandaoni wa taarifa za mawakili, na mwenye kiapo aape mbele yake.