Glatton: Meli ya Mizigo Iliyogeuzwa Manowari

Kwa mapigano ya karibu naipa nyota nne. Kwa mbali, haifai. Glatton iliundwa 1792 kwa biashara ya India Mashariki, na mwaka 1795 jeshi la majini la Uingereza likainunua. Ilipakiwa karonadi 56, yaani mizinga mifupi minene: 28 ya risasi za ratili 68 sitaha ya chini, 28 ya ratili 32 juu yake. Mizinga ya ubavu mmoja ikifyatuliwa pamoja, ilitisha kweli! Kasoro kubwa ni matundu ya mizinga. Yalikuwa madogo mno kwa midomo ile, hivyo mizinga haikuweza kugeuzwa pembeni. Kulenga kulitaka meli nzima igeuke. Hata hivyo, Julai 1796, chini ya nahodha Henry Trollope, ilipambana peke yake na kikosi cha Wafaransa kilichoisogelea, ikakitimua. Mwaka 1801 ikapigana katika vita vya majini vya Copenhagen, Denmark.