Germaniamu kwenye kamera ya joto: uliza kwanza dirisha lenyewe litakuwa na joto gani

Kwa miaka kumi na moja kazi yangu imekuwa kutazama joto. Napita na kamera kwenye paneli za umeme, mota, mabomba ya mvuke na matanuri, nikitafuta mahali panapochemka kabla hapajaungua. Katika muda huo nimetumia lenzi nyingi za germaniamu, elementi ya kijivu inayofanana na chuma, na madirisha yake mengi, yaani mabamba yanayokaa mbele ya kamera na kupitisha mionzi ya joto. Mengi yamenifaa sana, na moja lilinipotezea siku nzima ya kazi. Wanaoanza huniuliza swali lile lile: ninunue germaniamu au kitu kingine? Haya ndiyo ninayowajibu.

Ukiishika mara ya kwanza unadhani umepewa kipande cha chuma. Ni bamba la kijivu linalong'aa, baridi kiganjani, zito kuliko ulivyotarajia, na kwa macho huoni ng'ambo hata kidogo. Liweke mbele ya kamera ya joto, bamba linapotea na mtu aliyesimama nyuma yake anaonekana. Kioo cha dirisha la nyumba ni kinyume chake: macho yanapita, kamera inaishia kwenye kioo. Mpaka leo, kila ninapomwonyesha mwanafunzi jambo hili, na mimi nafurahi naye.

Sababu ya kuichagua ni rahisi kueleza. Ngozi ya mtu, au mota iliyopata moto kidogo, hutoa mionzi yake mingi kwenye urefu wa wimbi wa karibu mikromita 9 (mikromita ni sehemu ya elfu ya milimita). Hewa nayo hupitisha mionzi hiyo vizuri kati ya mikromita 8 na 14. Germaniamu hupitisha kuanzia mikromita 2 hivi hadi 14, kwa hiyo kamera nyingi za kazi za kawaida zinapata kila zinachohitaji.

Halafu kuna nguvu yake ya kupinda mionzi. Kipimo cha kupinda cha kioo cha kawaida ni karibu 1.5, cha germaniamu ni 4. Maana yake lenzi haihitaji kubinuka sana ili ikusanye mionzi, na lenzi moja au mbili zinafanya kazi ambayo kwenye kioo ingedai lenzi kadhaa. Tena, kati ya mikromita 8 na 12 haitawanyi mawimbi kwa kiasi cha kusumbua, hivyo picha inatoka kali bila kuongeza lenzi ya kusahihisha. Ukifungua kamera nzuri ukakuta lenzi mbili tu ndani, usidhani umepunjwa.

Lakini nguvu hiyo ya kupinda ina gharama yake. Kila uso wa germaniamu isiyopakwa kitu huakisi asilimia 36 ya mionzi inayoufikia. Bamba lina nyuso mbili, na hesabu ikikamilika kinachopita ni kama asilimia 47, chini ya nusu. Niliwahi kununua bamba la namna hiyo nikidhani nimebana matumizi. Nilipolishika mbele ya kamera, juu ya picha ya paneli kulikuwa na duara hafifu la joto katikati: ilikuwa kamera yenyewe, ikijiona kama kwenye kioo cha kujitazamia. Nikiinamisha bamba kidogo, duara linahama na badala yake unatokea uso wangu. Ukipima joto kupitia bamba kama hilo, unapima pia joto la kwako.

Kwa hiyo utando wa kuzuia mwakisiko si pambo. Bamba lililopakwa vizuri pande zote mbili hupitisha zaidi ya asilimia 90. Omba grafu ya upitishaji ya bamba unalouziwa, si ya germaniamu kwa jumla, na uangalie kama utando umepangiwa mikromita 8 hadi 12 au 3 hadi 5. Bamba lenye utando wa mawimbi mafupi kwenye kamera ya mawimbi marefu litakusikitisha, na kwa macho huwezi kujua tofauti. Na hata likiwa jema, ingiza kiwango chake cha upitishaji kwenye mipangilio ya kamera. Nimekuta watu wenye dirisha zuri kabisa wakisoma joto la uongo miezi mingi kwa sababu namba hiyo ilibaki kwenye 1, kana kwamba dirisha linapitisha kila kitu.

Jambo jingine linalohitaji macho ni silikoni. Nazungumzia silikoni ya kwenye vipande vya kompyuta, si ile ya mpira. Nayo ni ya kijivu na inang'aa, na muuzaji mmoja aliwahi kunitumia silikoni kwenye kifurushi kilichoandikwa germaniamu. Tulibishana kwa wiki mbili. Kilichomaliza ubishi ni mizani. Bamba la germaniamu lenye kipenyo cha milimita 50 na unene wa milimita 3 lina uzito wa gramu 31. La silikoni, kwa vipimo hivyo hivyo, halifiki gramu 14. Sina ugomvi na silikoni: ni nyepesi, ngumu, na kwa mikromita 3 hadi 5 ni chaguo zuri. Ila kwenye mikromita 9 hufyonza, na bamba nene linafifisha picha ile ile unayoitafuta.

Sasa nije kwenye ile siku.

Tanuri lilikuwa la kukaushia rangi kwenye vipuri vya chuma, ndani yake nyuzi 220. Mwenye kazi alitaka kuona joto la vipuri vikiwa ndani, bila kufungua mlango. Tukatoboa tundu ubavuni, tukafunga flanji, yaani pete ya chuma ya kushikilia dirisha, tukaweka dirisha la germaniamu la unene wa milimita 6, utando pande zote mbili. Aliyetuuzia aliuliza mambo mawili tu: kipenyo, na joto la kitu tunachotazama. Tukamwambia nyuzi 220. Akasema halina shida.

Saa mbili asubuhi, tanuri likiwa ndiyo kwanza linawashwa, picha ilikuwa safi. Niliona kulabu, niliona waya wa kuning'inizia, niliona hata tone la rangi lililoganda kwenye ncha ya kipuri. Kufika saa nne picha ikaanza kuwa kama ninatazama kupitia maziwa. Saa sita nilibaki na doa moja la kijivu lisilo na umbo.

"Fundi, kamera yako imekufa," mwendesha tanuri akaniambia.

"Subiri kidogo, kaka," nikamjibu, lakini moyoni nilikuwa nimeshakubaliana naye.

Nikaichomoa, nikaielekeza kwenye mota ya feni iliyokuwa pembeni. Picha safi kabisa. Nikairudisha dirishani, ukungu. Ndipo nikachukua kipimajoto cha kugusisha, nikakiweka kwenye ukingo wa dirisha. Nyuzi 163. Flanji ilikuwa imefungwa moja kwa moja kwenye ukuta wa tanuri, na saa nne nzima ilikuwa ikilipikia dirisha taratibu.

Germaniamu ni nusu-kipitishi, yaani hupitisha umeme kidogo, si kama chuma. Ikiwa baridi, chaji zake nyingi zimetulia mahali pake. Ikipata moto, joto linazifungua, na chaji zilizo huru hufyonza mionzi ile ile unayotaka ipite. Hasara huanza kuonekana inapokaribia nyuzi 100, na kwenye nyuzi 200 umebaki na ukuta. Isitoshe, kinachofyonza mionzi pia huitoa, kwa hiyo dirisha lenyewe linakuwa taa mbele ya lenzi yako. Wanaotumia leza ya kaboni dioksidi, yenye wimbi la mikromita 10.6, wanaogopa jambo hili zaidi yetu: bamba likifyonza linapata moto, likipata moto linafyonza zaidi, na mzunguko huo unaweza kulipasua.

Tulizima tanuri tukangoja. Dirisha liliposhuka chini ya nyuzi 60, picha ilirudi kama ya asubuhi. Halikuwa limeharibika, na kamera haikuwa na kosa. Muuzaji alikosea kutouliza, na mimi nilikosea zaidi kwa sababu tanuri nililiona kwa macho yangu na yeye hakuliona. Joto la kitu unachokitazama si joto la dirisha. Germaniamu inaweza kutazama chuma kilichoyeyuka siku nzima ikiwa imekaa mbali na yenyewe iko baridi. Baadaye tuliondoa dirisha ukutani, tukaliweka mwisho wa bomba fupi la sentimita 20, tukapuliza hewa safi kati yake na tanuri. Tangu hapo halijapita nyuzi 58.

Hata bila tanuri, joto linaisumbua kwa njia nyingine. Nguvu yake ya kupinda hubadilika sana kila joto linapobadilika. Chukua lenzi yenye umbali wa fokasi (kutoka lenzi hadi mionzi inapokutana) wa milimita 100, uitoe kwenye chumba cha baridi uipeleke kwenye boila, tofauti ya nyuzi 40. Umbali wa fokasi unapungua kwa karibu nusu milimita. Kwenye lenzi ya f/1, yaani yenye tundu lenye upana sawa na umbali wa fokasi, nafasi ya kukosea kabla picha haijafifia ni mikromita 20 hivi kila upande, na nusu milimita ni mara 25 ya hiyo. Mwili wa alumini nao unarefuka kwa joto, unazidi kuitenga fokasi na kihisio cha kamera. Ndiyo maana sinunui kamera ya fokasi isiyorekebishika kwa kazi ya kuhamahama, ila kama mtengenezaji ameeleza waziwazi jinsi alivyofidia joto.

Mbadala upo. Selenidi ya zinki ni ya njano, inavumilia joto zaidi, na inapitisha hata mwanga mwekundu, kwa hiyo unaweza kulenga kwa leza ndogo kupitia hapo hapo. Udhaifu wake ni ulaini: vumbi na kitambaa kikavu vinaiachia michirizi. Salfidi ya zinki ni ngumu kidogo kuliko hiyo. Vioo vya kalkojenidi, vinavyotengenezwa kwa salfa, seleni au teluri, havibadiliki sana kwa joto na vinaweza kufinyangwa kwa kalibu badala ya kuchongwa kimoja kimoja, na kwa lenzi ndogo zinazotengenezwa kwa wingi nadhani vitazidi kuchukua nafasi. Baadhi yake bado vina germaniamu ndani, ila kidogo.

Na kupatikana kwake ni suala la kweli. Germaniamu haichimbwi peke yake. Hutolewa zaidi kwenye mabaki ya zinki na kwenye majivu ya makaa ya mawe. China, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ilianza kudhibiti usafirishaji wake tarehe 1 Agosti 2023. Tangu hapo sikai bila dirisha moja la akiba, na yaliyokwaruzika siyatupi.

Matunzo yake hayana mambo mengi. Ni ngumu lakini inavunjika kama kioo. Niliwahi kuidondosha kutoka urefu wa meza na ukingo ukamenyeka kipande cha ukubwa wa ukucha. Puliza vumbi kwanza, ndipo ufute kwa karatasi ya lenzi iliyolowa alkoholi, bila kukandamiza. Kwa kazi za nje, penye mchanga au chumvi ya bahari, lipia utando wa kaboni ngumu kama almasi upande wa nje. Unapoteza asilimia chache za mionzi, lakini dirisha langu la mbele lina miaka sita ya upepo wa mchanga na bado halina mkwaruzo wa kuonekana.

Kwa kamera ya kawaida inayotazama paneli, mota na majengo, germaniamu yenye utando sahihi ndiyo ninayoichagua, na sijaona cha kuishinda kwa picha. Mwenye lile tanuri sasa ana la pili. Hilo limebanana na mashine ya jirani, halina nafasi ya bomba wala ya kupulizia hewa, na flanji yake nimeipima ikafika nyuzi 150. Hapo nimeagiza selenidi ya zinki, pamoja na mfuniko wa chuma utakaofunguliwa wakati wa kupima tu, ili vumbi la rangi lisiifikie.