Siku ya Spitfire Duxford: uzoefu wangu

Huu ni mwaka wa saba niko Uingereza, na kila kiangazi nilikuwa nasema nitaenda Duxford, kwenye makumbusho ya ndege, halafu siendi. Safari hii shemeji alinikokota, tukaenda siku ya maonesho ya kurusha ndege.

Makumbusho yenyewe ni kambi ya zamani ya jeshi la anga, karibu na Cambridge. Spitfire ni ndege ya kivita ya Uingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, na za kwanza kupewa kikosi zilipelekwa hapo hapo, Kikosi namba 19, Agosti 1938. Kwa hiyo zinaporuka, zinaruka kwao.

Ushauri wangu: msihangaike na viti. Nendeni kwenye uzio, pale zinapowashwa. Mapanga yanazunguka kivivu mara mbili tatu, injini inakohoa, moshi unafuka ubavuni, kisha injini hiyo, Merlin ya lita 27, inashika. Shemeji, ambaye ni fundi wa malori, aliinamisha kichwa kusikiliza, akasema, "Hii Scania imekatwa ekzosi." Sikumbishia. Mabomba yake ni vipande vifupi vinavyochomoza moja kwa moja kwenye injini.

Ikitembea chini inakwenda kushoto, kulia, kushoto, kama mlevi anarudi kwake. Kumbe pua ni ndefu na imeinuka, rubani haoni mbele. Ni lazima aipindishe ndege kila mara ili achungulie pembeni. Kwangu hilo lilizidi mbinjuko zote za angani.

Ilipopita Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Uingereza ya vita hivyo hivyo, nilinyamaza. Babu yangu alikuwa askari wa Keya, akapelekwa Burma, na Hurricane zilipigana sana kule. Hakuwahi kujua jina la ndege hata moja. Alikuwa akisema walilala kifudifudi wakisikiliza mlio, mpaka mmoja aseme, "Hii yetu, inukeni."

Bebeni chakula. Tulipanga foleni dakika arobaini kwenye gari moja la chipsi, na chipsi zenyewe zilikuwa baridi. Watoto wavalisheni vikinga masikio. Upepo nao ukizidi, ndege nyepesi za Vita vya Kwanza haziruki. Tulikosa moja hivyo hivyo.

Kuna pia Spitfire ya viti viwili, ukilipa unapandishwa. Shemeji alikwenda kuuliza bei kifua mbele. Ni maelfu ya pauni. Alirudi kimya, akapitia dukani, akanunua sumaku ya friji.